Sura Isiyoandikwa Kwenye Fomu: Mwonekano Unavyohesabiwa Kuwa Uwezo Kazini

"Anahitajika dada wa mapokezi, umri usiozidi miaka 28, mwenye mwonekano wa kuvutia na lugha nzuri kwa wateja. Tuma CV na picha ya mwili mzima kwa WhatsApp." Tangazo la namna hii halimshangazi mtu Dar es Salaam, Mombasa wala Nairobi, na pengine ndiyo maana wengi hawasimami kuhesabu mambo yaliyofungwa ndani yake. Jinsia imetajwa, umri umetajwa, umbo limeombwa kwa picha, na jambo pekee linalokaribia kuitwa ujuzi, yaani kuzungumza vizuri na wateja, limewekwa mwishoni bila kuelezwa litapimwaje. Picha yenyewe itatazamwa kabla ya CV, kwa sababu kwenye simu picha hujitokeza yenyewe ilhali faili linasubiri kufunguliwa.

Anayelalamika kwamba alinyimwa kazi au cheo kwa sababu ya anavyoonekana mara nyingi hujibiwa kwa swali: je, wewe ungemwajiri mhudumu mchafu? Swali hilo hushinda mjadala kwa sababu linaunganisha vitu visivyofanana. Unadhifu ni jambo ambalo karibu kila mtu anaweza kulitimiza asubuhi kabla ya kutoka nyumbani, na katika jiko la hoteli au wodi ya hospitali ni sehemu ya kazi yenyewe: kucha ndefu hubeba uchafu, nywele zisizofunikwa huangukia chakula. Mavazi ya ofisini ni utaratibu ambao mwajiri anaweza kuupanga, mradi autangaze na uwabane wote, kama ulivyo waraka wa mwaka 2007 unaoelekeza mavazi ya watumishi wa umma nchini Tanzania. Nywele za asili, rasta, hijabu na kilemba ziko mahali pengine, kwa kuwa zinamhusu mtu kwa imani yake, kwa asili yake au kwa jinsi nywele zinavyoota kichwani mwake. Halafu kuna mwili wenyewe: urefu, unene, rangi ya ngozi, kovu la moto, uso ambao mtu alizaliwa nao. Kadiri tunavyoteremka kutoka la kwanza hadi la mwisho, ndivyo uwezo wa mfanyakazi wa kujibadilisha unavyopungua, na ndivyo mwajiri anavyopaswa kuwa na sababu nzito zaidi ya kuliweka jambo hilo kuwa sharti. Swali la mhudumu mchafu linahusu la kwanza tu, lakini hutumika kuyatetea yote.

Hisia moja, safu nyingi

Wengi hudhani kwamba upendeleo wa sura ni tendo la makusudi, kwamba bosi amempenda mrembo akampa kazi. Hilo lipo, ila ndilo rahisi kulitambua. Gumu ni lile linalotendeka ndani ya kichwa cha msaili mwaminifu. Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha makala kuhusu maofisa wa jeshi waliotakiwa kuwapa alama watu walio chini yao katika sifa mbalimbali, kila sifa peke yake: umbile, akili, uongozi, tabia. Alama zilifuatana kupita kiasi. Aliyepewa nyingi kwa umbile alielekea kupewa nyingi kwa akili na kwa uongozi pia, ingawa hakuna sababu ya kifua kipana kuandamana na akili kwa kiwango hicho. Maofisa hawakuwa wakidanganya. Walikuwa wamepata hisia moja ya jumla kuhusu mtu, kisha wakaigawa katika safu zote za fomu.

Tafiti za baadaye zimeonyesha jinsi hisia hiyo inavyozaliwa upesi. Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton waliwaonyesha watu picha za nyuso wasizozifahamu kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde, wakawataka waseme kama mwenye uso huo anaaminika, anapendeza au ana uwezo. Majibu yao yalikaribiana sana na ya watu waliopewa nafasi ya kutazama bila haraka. Muda wa ziada ulimwongezea mtazamaji uhakika juu ya jambo alilokwisha kuliamua, bila kuubadilisha sana uamuzi wenyewe. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Todorov na wenzake walikuwa wamekuta kwamba watu wakitazama tu picha za wagombea wawili wa Seneti ya Marekani na kusema nani anaonekana kuwa na uwezo zaidi, hulingana na matokeo ya kura katika takriban asilimia 70 ya chaguzi hizo.

Sasa tuingie katika chumba cha usaili. Fomu nyingi za usaili huwa na safu ya mwonekano, tuseme alama 10 kati ya 100. Watu huilaumu safu hiyo, lakini kwa maoni yangu ndiyo isiyo na hatari kubwa, kwa kuwa iko wazi na ina ukomo: mtu akikosa zote amekosa 10. Hatari imo katika safu za jirani, zile za "kujiamini", "kujieleza", "haiba ya uongozi" na "kufaa katika timu yetu", ambazo kwa pamoja zinaweza kuchukua nusu ya fomu. Msailiwa aliyepanda daladala mbili, akafika na vumbi kwenye viatu na koti la kuazima linalombana mabegani, atakaa kwa kujikunja, na msaili ataandika kwamba hajiamini. Mwenzake aliyeshushwa mlangoni na gari, suti imemkaa, atatoa majibu yaleyale na kuandikiwa kwamba anajieleza vizuri. Mwonekano umehesabiwa mara ya kwanza kwa jina lake, kisha ukahesabiwa tena na tena kwa majina ya sifa nyingine, na jopo linapojumlisha huamini kwamba limempima mtu kwa pande nne. Aliyenyimwa nafasi akiuliza sababu ataonyeshwa fomu, na kila alama iliyomo itasema kwamba alipungukiwa na uwezo.

Kwa sababu hiyo sioni faida kubwa katika semina za nusu siku zinazowahimiza wasaili wawe waadilifu. Wengi wao tayari wanajiona kuwa waadilifu, na hakuna ndani ya chumba kile kinachowaonyesha vingine.

Aliyesikika na aliyeonekana

Kesi inayolidhihirisha jambo hili vizuri ilitokea Munich, Ujerumani. Mwaka 1980 okestra ya Munich Philharmonic ilikuwa ikitafuta kiongozi wa wapiga tromboni, ala kubwa ya shaba ya kupuliza, na kwa kuwa miongoni mwa watahiniwa alikuwamo kijana ambaye baba yake alifahamika na wanamuziki wa okestra hiyo, iliamuliwa kwamba wote wapige wakiwa nyuma ya pazia. Watahiniwa walikuwa 33. Wa 16 alipomaliza, wasikilizaji waliridhika kiasi cha kuona hapakuwa na haja ya kuwasikiliza waliobaki. Pazia lilipoondolewa, aliyesimama pale alikuwa Abbie Conant, mwanamke wa Kimarekani, ambaye barua ya mwaliko ilikuwa imemwita "Bwana Conant". Katika dakika chache kabla ya pazia kuondolewa, watu wenye ujuzi mkubwa wa muziki walikuwa wameafikiana kwa masikio yao kwamba huyu ndiye bora.

Baada ya muda wa majaribio, kondakta mkuu Sergiu Celibidache alimshusha na kumpa nafasi ya pili, na maelezo aliyopewa ni kwamba nafasi ile ilihitaji mwanamume. Conant alikwenda mahakamani. Ilidaiwa kwamba hakuwa na nguvu za mwili zinazohitajika, basi akaenda kupimwa mapafu yake na wataalamu wa tiba, na vipimo vikatoka vizuri. Baadaye mtaalamu wa tromboni asiye na upande alimsikiliza akipiga vipande vigumu na kumsifu. Alirudishiwa nafasi yake, lakini ikabidi aendelee kudai alipwe sawa na wanaume wenye nafasi kama yake, na mashauri hayo hayakumalizika hadi mwaka 1993. Jambo la kutazamwa hapa ni aina ya ushahidi uliotakiwa. Usaili wa nyuma ya pazia ulikuwa tayari kipimo kizuri kuliko vyote, kwa kuwa ulipima kazi yenyewe. Ila mara tu alipoonekana, kipimo hicho kilikoma kutosha, na uwezo wake ukaanza kudaiwa uthibitisho ambao haukudaiwa kwa wenzake.

Marekani, kesi ya Ann Hopkins ilionyesha kwamba hata matokeo yanayohesabika kwa fedha hayatoshi. Mwaka 1982 alipendekezwa kuwa mbia katika kampuni ya uhasibu ya Price Waterhouse, akiwa mwanamke pekee kati ya watu 88 waliopendekezwa mwaka huo, na alikuwa ameshiriki kwa nafasi kubwa kuipatia kampuni mkataba wa serikali wa takriban dola milioni 25. Hakupitishwa. Mkubwa mmoja aliyejaribu kumsaidia alimshauri atembee kike zaidi, azungumze kike zaidi, avae kike zaidi, ajipake vipodozi, atengeneze nywele na avae vito. Ushauri huo, uliotolewa kwa nia njema, ndio uliogeuka kuwa ushahidi. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumpima mfanyakazi kwa jinsi anavyolingana na matarajio ya jinsia yake ni ubaguzi, na mwaka uliofuata jaji aliamuru afanywe mbia. Wengi walio katika hali kama yake hawapati mtu wa kuwaambia waziwazi namna ile, na bila maneno ya wazi shauri lao lina uzito mdogo.

Hoja ya wateja

Mwajiri akibanwa, hoja yake ya mwisho huwa moja: wateja ndio wanaotaka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. (Aliyesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, hakualikwa kwenye kikao cha masoko.) Hoja hiyo inastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu ina ukweli ndani yake: mwaka 1994 wachumi Daniel Hamermesh na Jeff Biddle walitumia takwimu za kaya za Marekani na Kanada ambamo wadodosaji walikuwa wamempa kila mhojiwa alama ya sura, wakakuta kwamba waliohesabiwa kuwa na sura isiyopendeza walipata ujira pungufu kwa asilimia 5 hadi 10 kuliko watu wa sura ya wastani, ilhali wenye sura nzuri walipata ziada ndogo kidogo kuliko hasara hiyo. Kama wateja ndio chanzo, tungetarajia tofauti hiyo ikae katika kazi za kukutana na watu na ipotee kwa wanaofanya kazi nyuma ya mlango. Haikuwa hivyo, ilionekana pia katika kazi ambazo sura haina mteja wa kuivutia. Hiyo ina maana kwamba sehemu kubwa ya upendeleo huo imo kwa mwajiri mwenyewe, naye humtaja mteja kama mtu anayetumia jina la jirani kukopa dukani.

Mahakama zimeikataa hoja hii kwa miaka mingi. Mwaka 1971 mahakama ya rufaa ya Marekani iliiambia Pan Am, shirika la ndege lililokuwa ikiajiri wanawake peke yao kuwahudumia abiria, kwamba kiini cha biashara yake ni kuwasafirisha watu salama, na kwamba abiria kupendelea wahudumu wanawake hakuwezi kuhalalisha kuwafungia mlango wanaume. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mhandisi wa Ufaransa aliyefukuzwa baada ya mteja kuomba asije tena akiwa amejifunika hijabu. Ikasema matakwa ya mteja hayawezi kuwa sharti la lazima la kazi. Siku hiyohiyo, katika shauri jingine la Ubelgiji, mahakama hiyo iliruhusu kanuni ya kampuni inayokataza alama zote za imani kwa wafanyakazi wote, jambo ambalo kwa maneno ni sawa kwa kila mtu na kwa vitendo linamwelemea zaidi anayevaa. Mimi naiona hukumu hii ya pili kuwa dhaifu, lakini ndiyo sheria iliyopo huko.

Kuna masharti ya mwili ambayo yana haki ya kuwapo, na namna ya kuyatambua ni kuuliza yanafanya kazi gani. Shirika la ndege la Emirates, linalowaajiri vijana wengi wa Afrika Mashariki, humtaka mwombaji wa kazi ya uhudumu ndani ya ndege aweze kufikisha mkono sentimita 212 akisimama kwa ncha za vidole vya miguu. Sharti hilo huwaumiza wafupi, ila lina sababu: vifaa vya dharura huwekwa juu, na asiyevifikia hawezi kumwokoa mtu. Linganisha na lile la viatu vya visigino virefu. Mwaka 2015 mpokezi mmoja wa muda mjini London alirudishwa nyumbani bila malipo kwa kuvaa viatu vya chini. Ombi lake kwa Bunge la Uingereza lilitiwa saini na watu zaidi ya 150,000, na lilipojadiliwa mwaka 2017 hakukuwa na maelezo ya kuridhisha ya kisigino kinasaidia nini katika kumpokea mgeni.

Aliyependelewa naye hasalimiki. Mwaka 1979 Madeline Heilman na Lois Saruwatari waliwapa watu maombi ya kazi ya kutathmini, wakakuta kwamba sura nzuri iliwasaidia wanaume katika kazi zote zilizotajwa, lakini kwa wanawake ilisaidia katika kazi za ukarani na kuwadhuru katika kazi za umeneja. Mwanamke aliyeingia kwa tangazo la "mwonekano wa kuvutia" hubeba tangazo hilo mgongoni miaka mingi: akipandishwa cheo watu husema amepata kwa sura, na akikataa mialiko ya mkubwa wake baada ya saa za kazi huulizwa alidhani aliajiriwa kwa nini. Kwa hiyo anayepambana na rushwa ya ngono, ambayo Tanzania iliifanya kosa katika sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007, afaa aanze kusoma matangazo ya kazi. Mlango ule hufunguliwa hapo.

Nywele, ngozi na gharama yake

Mwaka 2007 magereza ya Pollsmoor, Cape Town, yaliwafukuza kazi maofisa watano wanaume waliokataa kukata rasta zao, baadhi yao wakiwa Warastafari na wengine wakizifuga kwa wito wa mila za Kixhosa. Idara ilidai kwamba rasta zinavunja nidhamu na kuhatarisha usalama. Shauri lilipanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Rufaa ya Afrika Kusini, ambayo mwaka 2013 iliwapa haki wafanyakazi hao, na sababu zake ni mfano mzuri wa jinsi ya kuipima kanuni ya mwonekano: maofisa wanawake waliruhusiwa kufuga rasta katika gereza lilelile, na hapakuwa na ushahidi wowote kwamba nywele hizo ziliwafanya wale watano wafanye kazi vibaya. Kanuni iliyotetewa kwa jina la usalama haikuwa imewahi kumfanya mtu yeyote kuwa salama zaidi.

Mobile, jimbo la Alabama, mambo yalikwenda kinyume. Mwaka 2010 mwanamke mweusi alipewa kazi katika kampuni ya kushughulikia madai ya bima, kisha akaambiwa lazima akate rasta zake. Alipokataa, kazi ikaondolewa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuzungumza na wateja kwa simu. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilikubaliana na kampuni, kwa hoja kwamba sheria inalinda rangi ambayo mtu huzaliwa nayo, si mtindo wa nywele anaouchagua. Hukumu za namna hiyo zilichangia California kupitisha mwaka 2019 sheria inayotaja waziwazi mitindo ya nywele ya watu weusi, na majimbo mengine yakafuata.

Kwetu gharama ya mwonekano mara nyingi haifiki mahakamani kwa sababu hulipwa kimyakimya. Binti wa mapokezi hulipia wigi, kusuka, kucha na viatu kutoka katika mshahara uleule wa mwenzake wa kiume ambaye kinyozi wake humaliza kwa nusu saa. Wapo waliosikia mara nyingi mno kwamba dada mweupe ndiye anayewekwa mbele, wakaanza kutumia mkorogo, na zebaki na hydroquinone iliyomo hudhuru ngozi na figo kwa muda mrefu kuliko mkataba wowote wa kazi. Mwajiri hakumwagiza mtu ajichubue. Alichofanya ni kuendelea kuchagua kwa namna ambayo kila aliye kwenye foleni ameshaielewa.

Na kuna wasioweza kulipia chochote. Mtu mwenye ualbino anayeingia katika chumba cha usaili hukutana na macho yaliyokwisha kuamua, yaani kwamba haoni vizuri, hatastahimili jua, wateja watashtuka. Mambo mawili ya kwanza yana ufumbuzi wa kawaida kama miwani, maandishi makubwa na kiti kisicho dirishani, na la tatu ni ile hoja ya wateja ikirudi kwa ukatili zaidi. Mumbi Ngugi, mwenye ualbino, aliteuliwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka 2011 na baadaye akapandishwa Mahakama ya Rufani. Abdallah Possi, mwanasheria mwenye ualbino pia, aliteuliwa naibu waziri nchini Tanzania mwaka 2015, kisha balozi nchini Ujerumani. Nawataja kwa tahadhari, kwa sababu mifano ya watu waliofika juu hutumiwa pia kuwanyamazisha ambao hawakuitwa hata kwenye usaili.

Sheria inasema nini

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi, na katika orodha hiyo limo neno ambalo katiba nyingi hazina: mavazi. Tanzania Bara, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinataja rangi, kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, umri na mengineyo, lakini sura yenyewe haimo, kwa hiyo anayelalamika hulazimika kupitia mlango mwingine. Aliyekataliwa kwa hijabu hupitia dini. Aliyekataliwa kwa ualbino hupitia ulemavu, akiwa na nguvu ya ziada ya Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha walau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Aliyeambiwa amezeeka kwa kazi ya mapokezi hupitia umri. Aliyekataliwa kwa sababu tu hapendezi hana mlango. Ufaransa iliufungua mlango huo mwaka 2001 kwa kuutaja mwonekano wa mwili katika sheria yake ya kazi, na Jiji la New York mwaka 2023 likaongeza urefu na uzito.

Watu wengi hawajui kwamba kifungu hicho cha 7 humlinda pia mwombaji wa kazi, si aliyeajiriwa tu, na kwamba sera za ajira zinazohusika ni pamoja na matangazo na vigezo vya uteuzi. Vilevile mlalamikaji akileta ushahidi wa awali wa ubaguzi, wajibu wa kuthibitisha kwamba hapakuwa na ubaguzi, au kwamba kigezo ni hitaji halisi la kazi, humwangukia mwajiri. Tangazo lililohifadhiwa kwenye simu, lenye ukomo wa umri na ombi la picha, ni mwanzo wa ushahidi huo, na malalamiko yasiyohusu kufukuzwa kazi hutakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Wachache hufika huko, na sababu yake inaeleweka: anayetafuta kazi hataki jina lake lijulikane kwa kushtaki kabla halijajulikana kwa kufanya kazi.

Kesi ngumu zaidi ni za kazi ambazo kuonekana ni sehemu ya kazi. Sizungumzii uigizaji au uanamitindo, ambako mwajiri ananunua sura na kila mtu anajua. Nazungumzia mtangazaji wa televisheni. Agosti 2022 Lisa LaFlamme, msomaji mkuu wa habari wa CTV ya Kanada, alitangaza kwamba mkataba wake umekatishwa baada ya takriban miaka 35 katika kampuni hiyo. Wakati wa korona alikuwa ameacha kupaka nywele rangi, na mvi zikaonekana hewani. Kampuni ilikana kwamba mvi zilihusika. Watazamaji hawakuhitaji nyaraka za ndani ili kufanya ulinganisho wao, kwa sababu mwanamume aliyemtangulia kwenye kiti kilekile, Lloyd Robertson, alistaafu mwaka 2011 akiwa na miaka 77. Kituo kina haki ya kuamua anavyoonekana msomaji wa habari, lakini haki hiyo hupungua kila mara kanuni inapobadilika kulingana na nani ameketi.

Kupanga hatua upya

Kinachosaidia ni kupanga hatua za uteuzi ili sura ichelewe kufika na ikifika ikute kazi imeshapimwa. Mpishi apike, mhasibu apewe vitabu vyenye makosa ayatafute, mpokezi apigiwe simu na mteja mwenye hasira aliyeandaliwa, na alama ziandikwe kabla ya mtu kukaa mbele ya jopo. Picha iombwe siku ya kutengeneza kitambulisho. Maswali ya mdomo yawe yaleyale kwa wote na kwa mpangilio uleule, kila msaili aandike alama zake kabla ya kumsikia mwenzake, na safu kama "haiba" ama ifafanuliwe kwa matendo yanayoonekana ama ifutwe. Utafiti wa miaka mingi kuhusu ajira umeonyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa hutabiri utendaji vizuri kuliko mazungumzo huru, na mazungumzo huru ndiyo yanayopendwa na mabosi wengi kwa sababu huwapa hisia kwamba wamemjua mtu.

Ajira za serikali ya Tanzania tayari zina msingi wa mpangilio huo, kwa kuwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutumia mchujo wa kuandika, na kwa kada nyingine usaili wa vitendo, kabla ya mahojiano. Mtihani wa kuandika nao una upande wake, maana humpendelea aliyesoma shule nzuri na aliyezoea mitihani, lakini walau hauoni viatu. Taasisi yoyote inayofuata njia hiyo bado hupaswa kuamua alama za hatua za mwanzo zifanywe nini. Zikitumika kuchuja tu, kisha zikawekwa kando na mshindi akapatikana kwa mahojiano peke yake, basi waliofaulu kwa 90 na waliofaulu kwa 55 huanza upya wakiwa sawa mbele ya macho ya watu watano, na kila kilichozuiwa mlangoni huingia kupitia dirisha la hatua ya mwisho. Zikibebwa hadi mwisho kwa uzito uliotangazwa kabla, kwa mfano nusu ya jumla, jopo linaweza kumpenda mtu kadiri litakavyo na bado litalazimika kuandika sababu ya kumruka aliyemzidi.